Mazabodi Niliyompelekea Rashidi

Jumatatu, 3 Februari

Nimefuta vumbi kwenye lenzi, nimewasha laptopu ya zamani. Bado inaitoa filamu ya arusi ya wiki iliyopita iwe faili moja. Imefika robo, imeganda. Nimeanza tena. Chai imepoa.

Nimetumiwa picha ya bango jipya la Rashidi, kule mtaa wa Nyamwamba. Studio ya kwanza Kasese, eti. Studio ile tulifungua wawili. Yeye alishika kamera, mimi nilikata na kuunganisha kila filamu iliyotoka mle ndani. Nilipokuja hapa Bwera kumzika mama, alibadilisha kufuli. Wateja akawaambia nimeolewa Kampala. Wengine walinitumia pongezi.

Namchukia. Neno hili naliandika hapa ili nisiliseme mbele ya shangazi.

Lakini naunda kompyuta. Kasha ninalo. Prosesa ninayo, na ni kali. Bado vitu viwili: mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa juu yake, na kipoozeo cha kuitoa prosesa joto. Mfuko unaruhusu kimoja kiwe kizuri. Kingine kitakuwa cha kubahatisha.

Na lazima niamue upesi. Afande Juma, sajini wa kambini Kasese, anamwoza binti yake tarehe 22, kabla ya Ramadhani. Anataka filamu ionyeshwe jioni ile ile, wageni wakiwa bado wamekaa. Nikiweza, arusi zote za kambini ni zangu. Nikishindwa, nitapiga picha za pasipoti mpaka nizeeke.

Alhamisi, 6 Februari

Mpondwe, mpakani. Malori, matope, kelele. Papa Kasereka huvuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na vifaa vya kompyuta vilivyotumika, anavitandaza juu ya turubai kando ya wauza vitenge. Leo alikuwa na mazabodi yenye taa nyekundu na bluu. Ya Rashidi ni ya chini yake. Naijua, niliifunga kwa mikono hii. Ukiwa na hii unaweza kuikimbiza prosesa kupita kasi yake ya kawaida.

Papa Kasereka akanisogezea kipoozeo. Chuma tupu na feni mbili, kizito kama tofali.

"Mama, ile carte mère ya taa iko muzuri ya kuangalia. Lakini kwenu Kasese iko joto mingi. Kamata hii ventilateur."

Nimenunua mazabodi. Sikutumia akili. Nilitaka tu Rashidi azione taa zile siku moja na roho imuume.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi imewaka. Shangazi amezipenda taa. Kazi iliyokuwa ikinila asubuhi nzima imeisha kabla uji haujaiva. Nikacheka peke yangu.

Mchana jua likakaa juu ya mabati. Ikazima. Nikangoja, nikawasha, ikazima. Kile kipoozeo kidogo kilichokuja na prosesa kiliniunguza kidole. Na hapa ni Bwera, tunapata upepo wa mlimani. Kasese je?

Mjinga mimi. Nimenunua kitu cha kumwonyesha mtu asiyenitazama.

Jumanne, 11 Februari

Papa Kasereka amekubali tubadilishane. Amechukua mazabodi, amenipa kipoozeo kikubwa na ubao wa kawaida, kijani, hauna taa hata moja. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Nilishafika barabarani. Nikarudi. Nikamwambia: Jumamosi ukienda sokoni Kinyamaseke, mtafute Rashidi wa Nyamwamba, mwonyeshe hii mazabodi ya taa. Usinitaje.

Rashidi namjua. Hununua kinachoonekana. Kipoozeo hatanunua, maana hakuna mtu anayepiga picha kipoozeo. Ataikimbiza prosesa mpaka mwisho, kwenye joto la Kasese. Mashine yake ina kipoozeo kidogo kama kile kilichoniunguza. Mimi ndiye niliyekifunga.

Papa Kasereka alinitazama. "Mama, uko na roho mubaya." Kisha akaifunga vizuri kwenye gazeti.

Nimelala usingizi mtamu.

Jumapili, 16 Februari

Kompyuta yangu haina sura. Kimya. Jana nimeibebesha kazi mchana kutwa, chini ya mabati, na haikupepesa hata jicho. Nilipokigusa kipoozeo kilikuwa vuguvugu tu.

Asubuhi Rashidi ameweka picha kwenye WhatsApp. Taa nyekundu, taa bluu, na yeye mwenyewe ameinama karibu kama aliyepata mtoto. Ameandika kwamba Kasese nzima haina mashine kama hii.

Nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Imenoga.

Ijumaa, 21 Februari

Afande Juma amepiga simu. Upande wa bwana arusi umemchukua Rashidi. Yeye atawapiga picha wanaume na nikahi msikitini, mimi nitawapiga picha wanawake, maana kwenye chumba cha bibi arusi mwanamume haingii. Mama wa bibi arusi ataniambia kipi kionyeshwe na kipi kibaki cha wanawake. Kila mmoja ataandaa sehemu yake, kisha zitaonyeshwa pamoja.

Nimefurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Ataanguka mbele za watu wote wanaomjua. Nami nitakuwa pale pale nikimtazama.

Nimepiga pasi gauni.

Jumamosi, 22 Februari

Kasese inachoma. Walitupa stoo ya mabati nyuma ya hema, meza mbili, umeme wa jenereta. Rashidi alinisalimia kama vile hakuna kilichotokea. Hujambo, dada Zai. Ameleta mashine yake yote, na kioo kwenye kasha ili taa zionekane. Watu waliingia kuiangalia. Yangu waliiwekea soda juu.

Baada ya adhuhuri tulirudi wote na kadi za kamera zetu, tukaanza kazi. Yake ikakimbia mbele ya yangu. Halafu ikazima. Akaiwasha. Ikazima. Akaanza kuipepea na sahani ya pilau. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kibodi na mimi nilikuwa nakula mbivu zangu moja moja. Kila ilipozima, filamu yake ilikatika na kuanza upya.

Kabla ya magharibi yangu ilikuwa tayari. Nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Afande Juma akaingia na kanzu na kofia, mikono nyuma kama yuko paredi. Akaitazama yote amesimama. Hina, nyimbo, bibi arusi akitoka. Ikaisha.

"Sasa mimi iko wapi?"

Yeye ndiye aliyemwoza binti msikitini. Mkono wake ndani ya mkono wa bwana arusi, kauli yake, machozi yake kama alilia. Vyote vilikuwa kwenye kadi ya Rashidi. Nilipanga mashine ya Rashidi ife na sikukumbuka hata mara moja kwamba nusu ya arusi yangu ingekuwa tumboni mwake.

"Natoa mutoto yangu, halafu mimi hapana onekana? Maliza hii kitu. Sasa hivi."

Akatoka. Nikakaa. Ningeweza kuiacha kazi yote ianguke, nikaanguka nayo. Nililifikiria kweli. Kisha nikamwambia Rashidi alete kadi yake kwenye mashine yangu.

Akaleta. Kiti kilikuwepo, sikumpa. Nikampa sharti: atamwambia Afande, wazee wakiwepo, kwamba studio ile tulifungua wawili na kwamba sikuolewa popote. Akasema, dada, si leo. Nikaondoa mkono kwenye kipanya. Akaenda.

Nilimsikia kupitia mabati. Alilisema kwa sauti ndogo, Afande akamwambia arudie kwa sauti. Akarudia.

Mashine yangu ikameza nikahi yote bila kulalamika. Filamu ilionyeshwa baada ya isha. Afande alikuwa amelia, inaonekana wazi, na kambi nzima ikampigia makofi. Rashidi alisimama karibu na jenereta na mashine yake imezimwa. Nilimtazama hadi nikachoka.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi Bwera. Nimefua gauni. Wake wa askari wawili wamepiga simu kuulizia arusi za baada ya Idi.

Rashidi ameandika. Anasema asante, dada, ningeweza kumwacha aaibike na sikumwacha, hatasahau. Anasema aliuziwa mazabodi mbovu na Mkongo mmoja. Anauliza: akianza upya, aanze na nini.

Mazabodi si mbovu. Nimetaka kumwambia nani aliyempelekea. Nimeandika, nimefuta. Nikimwambia, shukrani yake itakwisha na lile alilolisema mbele ya wazee atalikana. Nisipomwambia, atakaa ananiona mtu mwema, nami nitalazimika kusalimiwa hivyo kila tukikutana.

Nimemjibu anunue kipoozeo kikubwa, chenye feni mbili, na mazabodi aliyonayo inamtosha kabisa. Ndiyo kweli yenyewe. Kisha nikamenya matoke na shangazi, na hasira ikakaa nami hadi yakaiva.