Kopo la Ziwani

Jumamosi, 3 Mei

Tovuti yangu ya ufundi imelala tena. Nimeiamsha kabla ya chai. Kosa ni langu: jana nilibadilisha kitu kwenye programu nikasahau kukijaribu. Wageni wa wiki nzima ni mimi, mimi tena, na mtu mmoja aliyetaka kujua jinsi ya kufungua redio ya zamani bila kuvunja kifuniko. Nilimjibu kwa kirefu, na picha juu. Hakusema hata asante.

Mchana nilishuka ufuoni kwa Mama. Maji yamesogea. Lile jiwe analoparia samaki sasa limelowa hadi nusu. Anasema ni upepo tu.

Mara ile ziwa lilipofurika aliondolewa kwa boti, karai mkononi, kitanda kikabaki ndani. Mimi nilikuwa kazini napanga maua ya waridi, sijui lolote. Maji yalipopungua kidogo akarudi pale pale, analala nyuma ya kibanda chake cha samaki. Huku juu kwenye ploti ninakopanga kuna chumba kitupu. Hataki. Wateja hawapandi mlima, anasema.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata wazo na siwezi kukaa kitako. Nina sensa, yaani kihisi, niliyotoa kwenye gari bovu, ile inayolia dereva akirudi nyuma. Inapiga mlio ambao sikio halisikii, mlio unagonga kitu na kurudi, nayo inajua umbali. Nikiining'iniza juu ya maji, itajua maji yako wapi.

Nimeiweka ndani ya kopo la mafuta ya kupikia pamoja na kikompyuta cha saizi ya kiberiti, laini ya simu na betri. Kipande cha sola juu. Kulehemu kumenichoma kidole. Kitaandika kimo cha maji kwenye tovuti yangu, nami nitaona hata nikiwa kazini, saa ya chakula, maana ndani ya ukumbi wa kupakia maua simu haziruhusiwi.

Mama alikuja kuchukua chumvi, akaona kopo. Akauliza kama mafuta yameisha.

Jumatano, 7 Mei

Mwangi, yule jirani anayepeleka wageni kuona viboko, alinipeleka kwa boti yake hadi kwenye nguzo ya banda la zamani la samaki. Nguzo imebaki peke yake majini. Tulifunga kopo kwa waya. Alicheka njia nzima. "Hii kitu kiboko akiivunja, usiniite," alisema.

Saa ya chai namba ya kwanza ikaingia kwenye tovuti. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Ziwa zima, na linaniandikia mimi!

Jumatatu, 12 Mei

Habari imeenea. Mama Njeri, anayekaanga samaki kibanda cha pili kutoka kwa Mama, ameniuliza kama anaweza kupata hiyo namba bila intaneti. Nimeongeza kitu: maji yakifika alama nyekundu, kopo linatuma SMS kwa kila aliyejiandikisha. Watu wa ufuoni karibu wote wamejiandikisha. Hata Mwangi. Hata Mama, ingawa ni mimi niliyebonyeza.

Alama nyekundu ni mahali ambapo, maji yakifika, kuna muda wa kubeba vitu kwa mkokoteni badala ya kuogelea navyo.

Leo nimetembea nikiwa mrefu kidogo.

Alhamisi, 15 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Saa ya chakula nilichukua simu nikaona nyekundu. SMS zilikuwa zimeshaenda kwa wote asubuhi. Niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki hadi Kamere, ufuoni kwetu, nikiwa bado na aproni ya kazi.

Watu walikuwa barabarani na magodoro. Mama alikuwa amemwaga mafuta ya moto, amezima jiko, samaki wa siku nzima amewatoa kwa bei ya kutupa. Kitanda juu ya mkokoteni. Nilikimbia hadi chini.

Maji yalikuwa pale pale kwenye jiwe.

Upepo wa usiku ulisukuma magugumaji hadi kwenye nguzo. Yalijazana chini ya kopo, mazito, kijani, ndege mkubwa kasimama juu yake anajipangusa manyoya. Sensa yangu ilipima majani na ndege. Mtu yeyote anayeishi hapa anajua magugumaji hutembea. Mimi nimezaliwa hapa. Sikufikiria.

Mama hakunigombeza. Aligeuza mkokoteni mwenyewe, akarudi chini. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 16 Mei

Kazini, njiani, dukani: "Akinyi, leo ziwa limefika wapi? Nihame ama nilale?" Huyo ni Mwangi, na si yeye peke yake. Mama Njeri hanisalimii.

Nimezima tovuti. Mama amesema hatahama tena kwa sababu ya kopo, hata liimbe. Nimemkasirikia, kisha nikakumbuka nani wa kukasirikiwa.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Nimelala hadi nikachoka kulala.

Halafu nikaenda nyuma ya ploti kufua, na pale ukutani kuna bomba nene la plastiki lililobaki mwenye ploti alipojenga choo. Nimeliangalia muda mrefu, sabuni mikononi. Bomba lisimamishwe majini, matundu chini. Maji yaingie, yapande na kushuka ndani yake. Magugumaji yabaki nje. Ndege wabaki nje. Sensa iangalie ndani ya bomba tu.

Nimeacha nguo kwenye beseni.

Jumatano, 21 Mei

Bomba limesimama. Mwangi alinipeleka tena. Nilimwahidi kumtengenezea chaja na kunyamaza akinicheka. Kiboko alitoa masikio karibu nasi, tukangoja aondoke.

Nimewasha tovuti na kufuta orodha ya SMS, anayetaka ajiandikishe upya. Ukurasa wa kwanza nimeweka picha ya magugumaji na yule ndege, chini yake nimeandika: Hiki ndicho nilichopima siku ile nikawahamisha. Nisameheni. Watu wamecheka na kutumiana. Sijawahi kupata wageni wengi hivi.

Lakini aliyejiandikisha upya ni mmoja. Mama hayumo.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimekaa na Mama akipara samaki, na nimeona jambo ambalo nimeliona miaka yote bila kuliangalia. Kila jioni, kabla ya kufunga, anachomeka kijiti kwenye tope pale maji yanapoishia. Asubuhi anaenda kukiangalia. Tangu mafuriko yale. Kumbe naye anaogopa. Niliumia, na nilifurahi, vyote pamoja.

Nimemwomba kazi. Kopo likiona nyekundu, halitamwambia mtu mwingine yeyote. Litamwandikia yeye kwanza: Nenda uangalie kijiti. Akijibu KWELI, ndipo SMS ziende kwa wote. Akijibu BADO, kopo linyamaze.

Aliendelea kupara. Magamba yakaruka hadi kwenye viatu vyangu.

"Kwa hiyo haliwezi kusema bila mimi?"

"Haliwezi."

"Hapo sawa, nyathina," alisema. Mtoto wangu. Hajaniita hivyo tangu siku ya magodoro.

Alhamisi, 29 Mei

Nimejaribu mara mbili kwa makusudi. Mara zote mbili alijibu BADO. Mara ya pili aliongeza: acha kunisumbua nina wateja. Programu haikuelewa hayo mengine ikakwama. Nimerekebisha.

Mama Njeri amejiandikisha tena. Alisema si kwa ajili yangu, ni kwa sababu Mama ndiye anajibu.

Mvua za milimani hazikatiki. Mstari kwenye tovuti unapanda pole pole, na safari hii hakuna ndege.

Jumanne, 3 Juni

Saa ya chakula. 

Nimefungua simu: nyekundu. Kopo liliuliza asubuhi. Jibu la Mama: KWELI. Kijiti hakionekani. SMS zimeenda kwa wote. Mimi nilikuwa napanga waridi, sijui lolote, kama mara ile.

Jioni. Nilifika nikifikiri nitakuta kilio. Nilikuta Mama getini kwa ploti, amekaa juu ya kitanda chake, karai miguuni, jiko limewashwa, anakaanga. Wateja wamepanda mlima. Mama Njeri yuko kando yake anamenya vitunguu, godoro lake limeegemea ukuta wetu. Mwangi amebeba mizigo siku nzima na boti yake haikuhitajika.

Nilishuka kuangalia. Maji yako ndani ya kibanda, yametulia, hayakukuta hata kijiko. Nililia hapo peke yangu. Kisha nikapanda kula samaki.

Jumapili, 8 Juni

Chumba kile kitupu si kitupu tena. Mama anakoroma, nasikia hadi kwangu. Kibanda kimemuuma, amesema tu kwamba jiwe lile lilikuwa zuri. Nimemtafutia lingine, ameligeuza geuza, amesema litazoeleka.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kawaida. Tovuti iko macho. Yule mtu wa redio ameandika: kifuniko kilifunguka, asante. Amechukua muda wake.

Saa ya chakula nilipitia ujumbe uliofika kwenye kopo. Leo kopo halikumuuliza Mama chochote, lakini ameliandikia. Asubuhi mapema, labda akitoka kuangalia kijiti kwenye ukingo mpya:

Kopo, habari ya asubuhi. Maji yamesimama. Asante kwa kazi.

Programu haikuelewa, ikanyamaza. Mama angefikiri ni kiburi.

Nimeongeza mstari mmoja. Akisalimia, lijibu.