Papa na Kamioneti ya Muundo Mupya

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu toka Birere, hapa Goma. Bibi yako anakohoa, lakini ulimi wake uko muzima. Unaniuliza kama ununue ile kamioneti ya muundo mupya, nawe unaiogopa.

Wakati wa Wabeleji, mimi nilisoma miaka mitatu tu, nikajiona mwalimu wa Masisi nzima! Papa, baba yangu, aliuza ng'ombe wetu wote apate kamioneti ya kubebea viazi. Tulipofika hapa Goma kuinunua, akakuta kiwanda kimebadilisha muundo. Akainama, akapapasa resori za nyuma, zile springi za kubeba uzito, kama anapapasa miguu ya ng'ombe.

"Hii miguu yake ni myembamba kuliko ya zamani," akasema.

Nikamucheka mbele ya watu: "Muzee, hii haikamuliwi! Nimesoma karatasi yake, iko na nguvu kupita ile."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Nilielewa picha tu.

Akanunua. Mvua ya kwanza, resori zikavunjika mulimani na viazi juu. Vyuma vya muundo ule havikupatikana, kamioneti ikabaki palepale mpaka majani yakaifunika.

Papa hakunigombeza. Ila kila jambo la nyumba aliniuliza, bila kutania: "Wewe uliyesoma, tufanye nini?"

Aliniuliza hivyo mpaka tunamuzika. Sasa na wewe unaniuliza, mutoto wangu.

Babu yako