Walikuja na Swali

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo huko uliko. Tangu tukuzike hapa Bahi sikuwa nimekuandikia. Leo naandika kwa sababu kuna mtu simwamini.

Unakumbuka siku ile tukipalilia mpunga, maji yametufika magotini? Nilitoka shuleni nikakuambia mwalimu kasema Wajerumani walizichukua nchi za watemi kwa bunduki. Ulinyoosha mgongo ukacheka.

"Kwetu haikulia hata risasi moja. Walikuja na swali."

Ukanisimulia. Babu yako mzaa mama, mtemi, alipofariki, wazee walimweka mpwa wake, mtoto wa dada yake, kama desturi yao ilivyoruhusu. Afisa wa kizungu akauliza mtoto wa kiume wa marehemu yuko wapi. Hakuwepo; mtemi alizaa mabinti watupu. Basi, akasema, hana mrithi, na nchi isiyo na mrithi ni ya serikali. Mpwa akarudishwa kwa mama yake. Malisho yakawekewa mipaka, akaletwa jumbe wa serikali asiyejua hata salamu yetu.

"Mzungu alikuwa mgeni," ulisema. "Nani alimfundisha kuuliza hilo?"

Ulimshuku mkalimani wa yule afisa, maana ndiye aliyepewa malisho yale. Mpaka unazeeka hukunywa maji nyumbani kwa wajukuu zake. Mimi niliona ni kinyongo tu. Unisamehe.

Matanga yalipokwisha, Baba Mdogo alifika na bodaboda, mkononi ana muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu majaruba yako ya mpunga. Nikasoma: "Marehemu hakuacha mtoto."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yake. Kukulea si kukuzaa. Saini tu mwanangu, ni utaratibu."

"Kikao kilikaa lini?"

"Kilikaa."

Nikatazama sahihi. Ya tatu ilikuwa ya Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa tulimzika kabla yako! Niliikunja ile karatasi nikaenda nayo moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, Baba Mdogo akiniita nyuma.

Ukoo ukakaa kweli, safari hii na wanawake wakiwemo. Nilieleza nani alinibeba mgongoni mama alipofariki, nani alinisomesha. Nikiwa katikati ya maneno nilijishuku hata mimi mwenyewe: nakutetea wewe, au nayataka majaruba? Nikaendelea kusema.

Wamekubali. Muhtasari mpya unasema umeacha binti mmoja. Baba Mdogo alisaini wa mwisho, akitabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tabasamu lile limeninyima raha. Nimeomba nakala yangu yenye muhuri, na tangu jana nimeisoma mara tatu, neno kwa neno.

Wewe pumzika. Mimi bado nasoma.

Binti yako