Nilikwenda Kanazawa Bila Wewe

Mama,

Nimerudi juzi. Viatu vyako vya kijivu, vile ulivyonunua kwa ajili ya safari, bado viko mlangoni, na kila nikiingia naviruka kama mtu anayeruka dimbwi. Watu wananiambia nivitoe sadaka. Wangoje. Kwanza nina maneno na wewe, na mengine si mazuri.

Nilikwenda Kanazawa. Tiketi zilikuwa mbili, nikatumia moja. Miezi minane baada ya kufariki kwako nilikuwa nikisema siendi, nikafanye nini Japani peke yangu, mimi ambaye hata kutoka hapa Thornton Heath mpaka Croydon hapo jirani napanda basi. Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana kituoni? Mimi nimekaa nasubiri, wewe ushafika kule kwenye duka la samaki, wanipungia mkono. "Kaa na basi lako, mie naenda zangu!" Miaka yote ile ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, unatoka nyumba hii kwenda nyumba ile kwa miguu, na siku ya mapumziko bado unataka kutembea. Nilikuona una wazimu kidogo.

Basi ulipostaafu ukasema unataka kuuona mji wa zamani wa Wajapani, wenye vichochoro vya kutembea kama vya kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Ukamtafuta mwenyeji wa kututembeza. Ukamwandikia barua pepe mwenyewe, hukutaka nikusaidie. Kisha saratani ikaja, na baada ya wiki sita hukuwapo.

Mwenyeji huyo anaitwa Noriko. Ni mwanamke wa umri wako, mfupi, hauachi mwavuli hata jua likiwaka. Nilikuwa nimemwarifu kwamba umefariki na nitakuja peke yangu. Alinipokea mbele ya stesheni akiinama, nami nikainama, tukainamiana mpaka nikaona haya. Tukaanza na mtaa wa Nagamachi, walikokaa mashujaa wa vita wa zamani. Kuta za udongo huku na huku, na kwa kuwa baridi imeingia wamezifunika kwa mikeka ya majani ili theluji isizibomoe. Wamezivika nguo, Mama. Ungesimama pale saa nzima ukizishika.

Baada ya dakika kama kumi Noriko akasimama penye benchi, akaniambia nikae. Nikasema sijachoka. Tukaenda, akasimama tena kando ya mfereji, nikae. Mara ya tatu nikamuuliza kulikoni. Akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa barua pepe yako, ameichapa. Ulimweleza jambo ambalo mimi hukuniambia, kwamba magoti yako siku hizi hayawezi mwendo mrefu bila kupumzika, naye akaipanga njia nzima kwa ajili ya magoti yako, na ulipofariki hakuwa na moyo wa kuibadilisha. Chini uliongeza kwamba binti yako ana haraka siku zote, tafadhali amkalishe. Nikakaa. Nilikaa kwenye kila benchi.

Mchana tukaingia mkahawa mdogo karibu na soko la samaki, na hapo ndipo nilipoharibu. Wajua ulivyonilea: mtu akila nawe, kipande kinono si chako, unamtilia yeye. Noriko amenitembeza tangu asubuhi, na sahani yake imebaki miiba. Nikachukua mnofu wa tumboni mwa samaki wangu kwa vijiti vyangu vya kulia, nikamnyooshea, na nilipoona naye ana vijiti mkononi nikamsukumia aupokee hapo hapo, kijiti kwa kijiti. Akarudisha mkono kama aliyeguswa na moto. Watu wa meza ya pili wakatazama pembeni.

Aliweka vijiti chini, akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba si kosa langu, sikujua, lakini wao hupokezana namna ile kwa jambo moja tu. Maiti akishachomwa, jamaa zake huizunguka mifupa, wakaiokota kwa vijiti, huyu akimpokeza yule, mpaka iingie chunguni. Huanza na miguu na kumaliza na kichwa, ili marehemu asikae kichwa chini. Najua ungesema nini. "Subhanallah, wamchoma mtu!" Mimi pia nilisema hivyo moyoni. Lakini Noriko alikuwa akieleza alivyoiokota mifupa ya babake mwenyewe, na alisimulia kwa upole mkubwa, bila kuogopa neno lolote. Kisha akaniuliza, "Kwenu ni nani aliyemshughulikia mama yako?"

Nilitaka kumdanganya, Mama. Wengine wote nilikwisha kuwadanganya.

Wewe unaujua ukweli, kama waliokufa hujua. Siku ile msikitini Bi Rukia, yule anayeosha maiti wa kike, alikwisha kutayarisha maji, kafuri na sanda. Akanishika bega. "Salma, ingia umwoshe mamako. Ni haki yako hii." Nilivaa aproni, nikavaa glavu. Nilipofika mlangoni nikaiona miguu yako. Miguu tu, imetokeza nje ya shuka, na ule ukucha wako ulioharibika. Nikasema simu yangu inaita. Haikuwa inaita. Nilikwenda nikakaa kwenye gari na glavu mikononi mpaka walipomaliza. Ukaoshwa na wanawake wanne, hata mmoja hakuwa damu yako. Wewe uliyewaogesha wazee wa watu miaka na miaka, ukiwapangusa, ukiwachana nywele, ukiwaita "my darling" hata wale waliokutukana. Na binti yako wa pekee akakukimbia.

Jioni ile Mama mdogo Zuhura akapiga simu kutoka Mombasa, analia, akaniuliza, "Dadangu ulimwosha weye?" Nikasema ndiyo. Akaniombea dua ndefu. Tangu siku hiyo kila akinipigia hunisifu, na amewaambia jamaa wote, na mimi naitikia tu. Ahsante, Mama mdogo. Ahsante.

Noriko nilimwambia yote. Nilimwambia niliogopa kukugusa nikute umekuwa baridi, wewe ambaye mikono yako ilikuwa na joto hata Januari. Nililia mbele ya yule samaki mpaka mwenye mkahawa akaleta kitambaa. Noriko hakunibembeleza. Alisema kaka yake naye alitoka nje siku ya kuokota mifupa, kwamba amemkasirikia miaka mingi, na hajawahi kumuuliza aliogopa nini. Akanimiminia chai.

Nilipofika nyumbani, kabla hata ya kufungua sanduku, nikampigia Mama mdogo. Nikamwambia, "Sikumwosha. Nilikimbia." Nikasikia redio yake, nikasikia mtu anabisha hodi kwake. Kisha akasema polepole, "Salma, kwani alikuwa na nani mwengine?" Akakata simu. Tangu hapo nimempigia mara nne, hapokei.

Hukuwa na mwengine, Mama. Hilo ndilo jibu, na siwezi kulitengeneza likawa jengine. Siwezi kukuosha tena. Nisamehe. Naandika nisamehe halafu naona neno lenyewe dogo, lakini sina kubwa zaidi ya hilo.

Asubuhi hii nilikwenda kwa Bi Rukia. Nilidhani atanifukuza. Kumbe siku ile aliniona garini kupitia dirishani, na hakumwambia mtu. Amesema kuna mwanamke wa Tanga amefariki hospitalini, alikuwa mhudumu wa wazee kama wewe. Watoto wake wako nyumbani, wamenyimwa viza. Ataoshwa Jumamosi baada ya adhuhuri, na mikono imepungua. Nikamwambia nitakuja. Akanitazama sana, kisha akasema, "Haya."

Pumzika, Mama. Huko uliko usiwe na baridi. Nami nakuahidi hili: Jumamosi nitaingia, na sitatoka mpaka yule mama amefungwa sanda yake yote. Watoto wake wamepewa namba yangu, wapige wakitaka kujua mama yao alikuwa na nani. Nitapokea, na nitawaambia kweli.

Binti yako,
Salma