Maji ya Baba Noella

“Siku nyiye wote wawili mutakufa, uyu mutoto mutamuachia nani?”

Mama Honorine, jirani yetu wa Rugenge, aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni na beseni lake la mihogo kichwani. Noella alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, ameketi kwenye mkeka, na mama yake anamfunga kamba za viatu. Mama yake, mkeo, aliona ametukanwa. Hakumsalimia Mama Honorine tena mpaka Pasaka. Lakini wewe, Donatien, ulimsindikiza jirani hadi barabarani, ukarudi ukasema lile ni swali zuri, watu wote wanalo ila yeye peke yake ndiye alithubutu kulitoa mdomoni. Kesho yake ulileta sufuria ndogo. Ukasema hii ni ya Noella, mtu mwingine asiiguse.

Mwaka umetimia, Baba Noella, tangu mashine ya kusaga ya pale mtaani ianze kunguruma bila wewe.

Wanaokujua wanakuona bado unatoka kazini, mweupe wa unga wa muhogo mpaka kwenye kope, na rozari mfukoni nayo nyeupe. Wajane wenye muhogo wa kapu moja uliwasagia kwanza. Watoto walikukimbilia wakiita muzungu amefika, na wewe uliwajibu kwa Kifaransa cha puani mpaka wakagaragara chini kwa kicheko.

Lakini kazi yako kubwa ilikuwa nyumbani. Noella wetu alizaliwa na ile hali ambayo waganga wa hospitali wanaiita trisomi, wengine wanaiita Down. Alipofika miaka kumi na minane, shule ya watoto wa namna yake ilisema sasa amekuwa mkubwa, hana nafasi tena. Sisi tulidhani basi, masomo yameisha, atakaa. Wewe ulikataa. Ulisema mtu akikua ndipo anakuwa na mambo mengi ya kujifunza. Pamoja na wazazi wengine mliomba chumba cha nyuma pale parokiani, na Madame Josée akakubali kuwafundisha kila Jumamosi: kuwasha makaa bila kujiunguza, kufua, kuvuka barabara ya lami, kila mmoja kuandika jina lake na la baba yake, kumkatalia mtu anayemshika vibaya.

Bugali yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kama uji. Uliimaliza yote, ukapangusa mdomo, ukasema, “Leo tumekunywa bugali. Kesho tutaikula.” Noella alilirudia neno hilo wiki nzima, kwa kila aliyepita.

Mkeo ndiye alikuwa na mikono isiyotulia. Noella akishika kisu, anamnyang'anya. Akianza na viatu, anainama kumfungia. Alimlinda hivyo tangu siku ya kuzaliwa, akimwomba Mungu amwache yeye mama aishi hata siku moja zaidi ya mtoto, ili mtoto asije akaachwa peke yake. Ulimwambia polepole, bila kugomba, “Mama Noella, muache. Ile mikono iko yake.”

Kitu Noella alichokiweza kuliko vyote ni maji yako ya kuoga. Mashine ikinyamaza jioni, alijua unakuja. Alipasha maji, akayapima kwa kiwiko, akayapeleka nyuma ya nyumba pamoja na sabuni na taulo, kisha akasimama mlangoni kutangaza kwamba maji ya baba iko tayari. Uliyamwaga mwilini kidogo kidogo, makusudi, maana alikuwa anasimama nyuma ya ukuta kusikiliza.

Halafu kukawa na ule msiba wa mama yake Délice, mwenzake Noella wa darasani. Madame Josée aliwafundisha jinsi ya kwenda kilioni: kusema pole, kuketi kimya kwenye mkeka karibu na mwenye msiba, na makaburini kuchukua udongo mkononi na kuutupa juu ya sanduku. Mkeo alisema hayo si ya kumfundisha mtoto kama huyu, atapata ndoto mbaya. Ulimjibu, “Siku moja atatuzika sisi. Afazali ajue.” Ukamshika mkono mkapanda naye mpaka makaburini. Waliokuwapo wanasema alitupa udongo wake vizuri kuliko watu wazima wengi, akapangusa mikono, akaenda kuketi na Délice, hakumwacha mpaka jioni.

Hayo yote tulikuwa tunayajua siku ulipoanguka kazini. Hospitalini walisema ni presha. Kabla jua halijaingia nyuma ya milima ulikuwa umeshatutoka.

Ilikuwa Jumamosi, Noella yuko parokiani. Dada yako Bernardine alifika kutoka Nyakabere, na tulipokaa kikao cha kwanza alisema yule mtoto asiuone mwili. Atapiga kelele, au atacheka mbele ya watu, atatutia haya. Wengine tulinyamaza na wengine tulikubali kwa kichwa. Neno la mwisho lilikuwa la mkeo. Alikuwa anajua kuliko sisi sote kwamba Noella anaweza. Alisema tu, “Mumupeleke Nyakabere.”

Noella aliambiwa baba amesafiri kikazi, yuko Bukavu. Akapandishwa gari la kwenda Nyakabere na mfuko wake mdogo, akatupungia mkono kwa furaha, maana alifikiri anakwenda kutembea kwa shangazi yake. Aliporudi, matanga yalikuwa yamekwisha, majivu yamefagiliwa, viti vya kukodi vimerudishwa kwa wenyewe.

Jioni ile mashine ilinyamaza. Noella akapasha maji.

Mkeo hakujua ayafanye nini maji yale. Kuyamwaga aliogopa. Giza lilipoingia alikwenda nyuma ya nyumba akayaoga yeye, akilia bila sauti. Asubuhi Noella alilikuta beseni tupu, akauliza kama baba alifika. Akajibiwa ndiyo, alipita, akaondoka tena mapema. Kesho yake akapasha maji mengine. Ndivyo tulivyoishi mwaka huu, Donatien. Mkeo alikwenda misa ya asubuhi kila siku akiwa ameoga maji yako, akapokea komunyo na uongo ule mdomoni.

Na ili watu wasimwambie, alimzuia kwenda darasani. Madame Josée alikuja mara mbili kuuliza. Alisema wenzake wanataka kuja kuketi na Noella kwenye mkeka, kama walivyojifunza. Aliambiwa angoje. Chumba ulichokihangaikia, binti yako akawa ndiye mtu asiyeingia.

Alhamisi ya wiki iliyopita, mwanao Héritier alileta picha yako tuliyoitengenezesha kwa ajili ya misa, iliyo na ua na msalaba pembeni. Noella aliipokea yeye, maana ndiye alikuwa mlangoni. Aliitazama kwa muda mrefu. Darasani walishaonyeshwa picha za namna ile ni za watu gani. Aliiweka mezani, akaifunika kwa kitambaa cha kutarizi, akaenda kuwasha makaa. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Mkeo alimfuata.

Kabla hatujasema kilichofuata, usihangaike: Noella alirudi salama. Alipanda mpaka makaburini peke yake, kwa ile njia uliyompitisha, akavuka lami bila kushikwa mkono. Héritier alimfuata kwa mbali na hakuthubutu kumwita. Anasema alitembea msalaba hadi msalaba mpaka akalisoma jina lako. Alirudi na udongo kwenye kucha. Tangu hapo mashine ikinyamaza, hashiki sufuria. Jumamosi amekwenda kwa Madame Josée bila kuomba ruhusa. Mama yake akimuuliza neno anamjibu, asipoulizwa hasemi, na chakula anajipikia katika sufuria yake ndogo. Mkeo halalamiki. Anasema anastahili.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, misa ya pili. Baada ya misa tutapanda wote kwenye kaburi lako, na Noella ndiye atatangulia, akipenda.

Wanaokukumbuka ni mkeo Marie-Jeanne. Watoto wako Noella na Héritier. Dada yako Bernardine na mumewe Sévère wa Nyakabere, ambao wanaomba radhi pamoja nasi. Mama Honorine, jirani aliyeuliza swali. Madame Josée, Délice na darasa zima la Jumamosi. Siku zote ambazo Mungu bado anatupa, wewe umo humo, Baba Noella. Utuombee, na zaidi umuombee mkeo, kwa ajili ya jioni ile ya Alhamisi.

Jioni ile mkeo alichuchumaa kando ya makaa, akasema, “Baba yako hakusafiri. Alikufa. Ile maji nilikuwa naoga miye.”

Noella aliutoa mkono majini. “Mulimuzika?”

“Tulimuzika.”

“Na udongo yangu, nani alitupa?”

Mkeo alimwambia hakuna mtu aliyeutupa.

Noella alijipangusa mikono kwenye kitenge. Akaketi kizingitini, akavuta viatu vyake, akaanza na kamba. Ya kushoto ilimsumbua. Mkono wa mama yake uliondoka wenyewe kwenda kusaidia, ukafika katikati, akaurudisha kifuani na kuushika kwa mkono wa pili. Noella alifunga, akafungua, akafunga tena mpaka ikashika. Kisha akasimama, akampita mama yake pale kwenye makaa, akatoka, akashika njia ya makaburini.