Damu kwenye Mlango wa Stoo ya Kahawa

Moshi, Alhamisi. Wingu limeufunika mlima tangu asubuhi, baridi ya Julai inaingia mifupani, na mikono yangu bado inanuka spiriti ingawa nimeinawa kwa sabuni.

Sitaki kuzungumza na mtu. Nimemwambia Zuhura, mke wangu, kwamba kichwa kinaniuma. Akaniletea chai, akaniacha.

Kazi yangu hospitali ni ya maabara. Nilijifunza jeshini, vitani Burma. Mtu akilalamika tumbo, napima choo chake kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Nadondosha dawa mbili kwenye karatasi, na ikigeuka bluu, damu ipo. Ni kazi ya kimya. Sikuwahi kufikiri itanipandisha Old Moshi ndani ya gari la polisi.

Anaeli, mwanamke kijana wa huko, hajaonekana tangu mwezi uliopita. Mumewe, Eliakimu, aliwaambia watu kwamba amekimbilia Nairobi. Mama yake Anaeli hakuamini. Alisema binti yake hawezi kumwacha mtoto anayenyonya. Akawaendea polisi, akarudi, akawaendea tena, mpaka Bwana Inspekta, Mwingereza wa maneno machache, akamwomba daktari wetu mtu wa kupima damu. Daktari akanituma mimi.

Tulimkuta mama huyo uani kwa Eliakimu, mjukuu yuko mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa dawa?"

Nikasema ndiyo. 

Ndani kulikuwa safi. Lakini damu ikioshwa hutoka juu tu, hubaki kwenye nyufa na maungio, mahali kitambaa hakifiki. Nikaanza na kitanda. Nilipenyeza karatasi yenye maji kwenye ungio la mguu, kisha nikaichemsha kidogo juu ya jiko la spiriti, maana hata utomvu wa mgomba unaweza kuidanganya dawa, ila moto huumaliza. Nikadondosha dawa.

Bluu.

Inspekta akamtazama Eliakimu. Eliakimu akarudi nyuma hatua moja. Nikasema moyoni, huyu ameshikwa.

Ndipo mama akasema taratibu, "Hiyo ni ya uzazi. Anaeli alijifungulia hapo. Huyu mtoto nilimpokea mimi mwenyewe."

 Eliakimu mwenyewe hakuwa amelikumbuka hilo.

Inspekta akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye stoo ya kahawa. Mlango wa nyumba ulikuwa mweusi kwa moshi na mikono ya watu. Huu wa stoo ulikuwa umesuguliwa kwa majivu hadi mbao zimekuwa nyeupe. Akaniita. Nikapenyeza karatasi nyuma ya bawaba, nikachemsha, nikadondosha dawa. Bluu tena, safari hii nzito.

"Nilichinja mbuzi," Eliakimu akasema upesi.

Hapo nikakwama. Dawa yangu inasema hii ni damu, haisemi ni ya nani. Kutenganisha ya mbuzi na ya mtu ni kazi ya wakubwa wa Dar es Salaam, na majibu yao huchelewa. Nikamweleza Inspekta hivyo hivyo.

Mama akamsogelea mkwewe. "Mbuzi gani, baba? Ulichinja lini, mimi nisiletewe nyama?"

Huku mlimani mtu hachinji mbuzi akala peke yake. Mama mkwe ana fungu lake, na majirani wote wangejua. Eliakimu aliinamisha kichwa.

"Nilimsukuma tu," akasema. "Akajigonga mlangoni."

"Yuko wapi?" Inspekta akauliza.

Akaonyesha kwa kidevu, kwenye migomba, kando ya mfereji. Askari tuliokuja nao wakaazima majembe kwa jirani, wakamfukua. Mimi nilibaki na mama. Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akamfunika uso kwa kanga, ingawa ni mchanga mno kuelewa chochote.

Eliakimu tumeshuka naye, amefungwa pingu. Kesi itakuja, nitaitwa, na nitasema nilichokiona, nisiongeze wala nisipunguze. Hilo halinisumbui.

Kinachonikaa moyoni ni kile kitanda. Mama yule alikuwa na hakika kwamba mkwewe amemuua binti yake. Karatasi ilikuwa imeshasema kwa upande wake. Alichotakiwa ni kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akasema kweli, kweli iliyomsaidia mtu aliyemchukia kuliko wote.

Nami nina binti wa umri wa Anaeli, ameolewa Arusha. Ingekuwa ni yeye aliyepotea, na mimi ndiye nimesimama kando ya kitanda kile, ningesema?

Nimejiuliza njia nzima tukishuka. Nadhani ningenyamaza.