Hisa za Wepesi na Chumba cha Mbele

S.L.P. 417,
Mtendeni, Tabora.
8 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Najiat,

Marahaba! Nakuitikia mapema, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Joto la Muskati limekuachia nyama kidogo mwilini? Sisi huku wazima. Mama goti humsumbua asubuhi tu. Ikifika mchana yuko mtaa wa Cheyo anakusanya habari za watu. Asali mwaka huu imekubali, duka zima linanata, na mimi nimenenepa kwa kuonja.

Sasa tuje kwenye akiba yako. Uliniomba niichunguze kampuni ya Wepesi, hawa wa mashine za malipo za madukani, kisha nikununulie hisa ili fedha iongezeke, urudi ufungue duka lako la ushonaji. Nikaenda kwenye tawi lao hapa mjini. Foleni hadi barabarani! Nikajisemea biashara ndiyo hii, na papo hapo nikampigia simu dalali wa hisa kumwambia kwamba kesho naleta fedha.

Wifi yako Mwanajuma alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alishapita pale akauliza: foleni yote ile ni wenye maduka wanaorudisha mashine mbovu.

Niliona aibu, nikaamua kurudi kwenye kazi ninayoijua. Unakumbuka marehemu Baba hakununua ndoo ya asali kwa kutazama juu. Alizamisha kijiti mpaka chini, akakivuta taratibu, ndipo akataja bei. Basi nami nikaichukua taarifa ya fedha ya Wepesi, nikakaa nayo na Viktori, yule mfugaji nyuki wa Ulyankulu anayetuletea asali, ambaye pia ni mweka hazina wa ushirika wao.

Juu kulikuwa na faida nono. Tulipozama, tukakuta imetokana na jengo lao waliloliuza, na jengo huuzwa mara moja tu. Mauzo ya mashine zenyewe yanashuka mwaka hadi mwaka. Mkopo wa benki unatakiwa ulipwe mwakani, na fedha taslimu waliyo nayo haifiki hata nusu yake.

Viktori akafunga makaratasi. "Ndoo hii, mzee wangu, asali ni kidole kimoja. Kule chini kote sukari guru."

Sikununua. Akiba yako yote iko benki. Najua hapo umeshanuna, lakini soma mbele.

Mpangaji wa chumba cha mbele cha Mama, yule fundi redio, amehamia Isikizya. Mama akaniita: "Mwambie mwanangu hela yake isihangaike kwa watu. Chumba hiki hapa." Nikapiga hesabu upya bila kodi ya fremu wala kilemba cha kumpa mwenye fremu. Cherehani mbili, vitambaa, nauli. Nikarudia nikidhani nimekosea. Inatosha, Najiat! Inatosha hivyo hivyo ilivyo! Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Mwanajuma anakusalimu sana, pamoja na shangazi Shamila na mwanangu Majidi, ambaye tayari anataka kanzu ya Idi. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Mama amekipaka chokaa chumba, na kila asubuhi anakifungua mlango. Wapita njia wakiuliza, anawajibu fundi cherehani yuko njiani. Tafadhali, usimfanye Mama mwongo.

Kaka yako akupendaye, na anayekungoja,
Abdulatifu